Ukiumwa na Nyuki au Nyigu Jichoni

Mtu aliyeumwa na nyuki au nyigu jichoni atazamwe kwanza kama ana dalili za mzio mkali: kupumua kwa shida, kuvimba ulimi, kuishiwa nguvu. Akiwa nazo, achomwe sindano ya adrenalini ikiwa ipo na akimbizwe hospitalini, kwani hapo kinachookolewa kwanza ni uhai. Asipokuwa nazo, angalia kama ameumwa kwenye kope au kwenye jicho lenyewe, maana huduma zake hazifanani.

Mwiba uliobaki juu ya ngozi ya kope utolewe papo hapo, hata kwa ukucha, kwa sababu kifuko chake huendelea kusukuma sumu ingawa nyuki ameshaondoka. Osha kwa maji safi, kisha weka kitambaa cha baridi kwa dakika 10 hivi bila kugandamiza. Kope linaweza kuvimba hadi jicho lisifumbuke, na uvimbe ukazidi siku ya pili kabla ya kuanza kupungua. Ikiwa kila unapopepesa unahisi kitu kinakwaruza, huenda mwiba umetokeza upande wa ndani wa kope, nawe unahitaji daktari wa macho siku hiyohiyo.

Mwiba ukiwa kwenye jicho lenyewe, tafadhali usiuguse. Usifikiche, wala usijaribu kibano mbele ya kioo, kwa kuwa mwiba wa nyuki una vijino vilivyoelekea nyuma, na ukivutwa ovyo hukatika au huzama zaidi. Funika jicho kwa kitako cha kikombe safi cha karatasi kilichokatwa, kingo zake zikiegemea mifupa inayolizunguka, kisha nenda hospitalini. Daktari hulitia ganzi na kuutoa mwiba akitumia hadubini, halafu huandika matone ya antibaiotiki, ya kutuliza uvimbe, na pengine ya kupanua mboni ili kupunguza maumivu. Matone yenye steroidi (dawa kali za kutuliza uvimbe) usijinunulie dukani: jicho likiwa na vijidudu, hasa fangasi, dawa hizo huweza kuliharibu zaidi.

Nyigu kwa kawaida haachi mwiba, lakini sumu yake inaweza kudhuru vibaya vilevile. Konea, yaani sehemu angavu ya mbele ya jicho, ikififia kuwa nyeupe, uoni ukipungua au mwanga ukiumiza, usisubiri kesho. Maumivu yakiisha, bado rudi kupimwa kama ulivyopangiwa, kwani sumu inaweza kusababisha mtoto wa jicho, kupandisha presha ya jicho au kudhuru neva ya kuonea.