Jinsi ya kusoma jedwali la dawa ya mionzi inayong'ang'ania albumini

Wengi wakifungua pepa ya hizi dawa macho yanakimbilia safu ya uvimbe, wakiona namba kubwa basi dawa ishapewa ushindi. Mi nakwambia anza na damu.

Kwanza uelewe mchezo wenyewe. PSMA-617 yenye lutetiamu-177 (madini yanayotoa mionzi), ile ya saratani ya tezi dume, ni molekuli ndogo inayoshika PSMA, protini iliyojaa juu ya seli za saratani hiyo, figo zinaichuja na nyingi inatoka na mkojo ndani ya masaa tu. Sasa wataalamu wakaipachika kamkia kanakopenda albumini, mfano rangi ya Evans blue au hata ibuprofeni (ndio, hiyo hiyo ya maumivu), na kwa vile albumini ni protini kubwa ya damu ambayo figo haziiachii, dawa inaendelea kuzunguka mwilini na kila ikipita kwenye uvimbe kiasi fulani kinaachia albumini, kinashika PSMA na kuingizwa ndani ya seli. Ila kamkia kakishika kwa nguvu mno, dawa inakuwa abiria asiyeshuka kituoni.

Haya, jedwali. Namba ni asilimia ya dozi iliyodungwa kwa kila gramu ya nyama ya panya wa majaribio. Chagua muda mmoja wa kupima, gawanya namba ya uvimbe kwa ya damu. Tuseme (namba za kubuni hizi) saa ya 4 uvimbe 40, damu 20, unapata 2 tu, halafu saa ya 48 uvimbe 60, damu 3, unapata 20. Hapo dawa imehama kweli. Ila kama uvimbe ni 60 na damu bado 20, uboho (kiwanda cha damu ndani ya mifupa) unachomwa na mionzi muda wote huo, na uboho ndo wa kuonea huruma maana kikomo kinachotumika sana ni Gy 2 (Gy ni kipimo cha mionzi inayofyonzwa na mwili), wakati figo ni kama 23.

Kisha tafuta uvimbe wa pili. Panya wengi wa majaribio haya wanapandikizwa seli za saratani ya tezi dume, PC-3 PIP yenye PSMA bega moja, na PC-3 flu isiyo nayo bega lingine. Mi hii flu naipenda kuliko safu zote, kwa sababu mishipa ya uvimbe huvuja na albumini inapenya yenyewe, kwa hiyo ukiona flu nayo imepanda ujue sehemu ya ule ushindi ni kuvuja tu.

Angalia pia kama namba zimesahihishwa kwa kuoza, yaani zimerudishiwa mionzi iliyopungua yenyewe kadiri muda unavyopita, mara nyingi zimesahihishwa. Lutetiamu-177 inabaki nusu baada ya siku 6.65, so safu ya siku ya 7 zidisha kwa 0.48 ndo upate mionzi iliyopo kweli. Baada ya hapo linganisha eneo lote chini ya mstari wa grafu ya namba hizo kwa muda, uvimbe kwa damu, uvimbe kwa figo, kilele peke yake kinadanganya.

Na ukifika kwa binadamu usilegeze. PSMA-617 yenye kamkia ka Evans blue ilipojaribiwa kwa wagonjwa huko China, mionzi kwenye saratani iliyosambaa mifupani ilipanda karibu mara 3 ukilinganisha na PSMA-617 ya kawaida, lakini dozi ya figo na uboho ilipanda zaidi ya hapo. Kwa hiyo kabla hujaamini namba za panya, rudi kwenye sehemu ya maabara uone kama walipima inavyoshika kwenye plazma (maji ya damu) ya binadamu pia, maana albumini ya panya na yetu hazishiki sawa.