Namna ya Kuchagua Sanamu za Kale za Wanyama: Mwongozo wa Mkusanyaji wa Iringa

Sanamu nyingi za wanyama nilizo nazo nilizinunua kwa kilo. Wanunuzi wa vyuma chakavu wa Iringa na Mafinga huzichanganya na rejeta za magari na mabomba mabovu, kwa kuwa aliyewauzia aliona metali tu, na wao pia wanaona metali tu. Wagiriki waliolima tumbaku Iringa, Waingereza wa mashamba ya chai ya Mufindi na wachimbaji wa dhahabu wa Lupa, kule Chunya, waliacha vyombo vya ndani mikononi mwa watumishi na majirani. Baadhi ya sanamu nilizozipata kwa njia hiyo, za chui, swala na mbwa wembamba, ni kazi za Kifaransa za miaka ya kati ya vita viwili vikuu vya dunia, katika mtindo uitwao Arti Deko. Hatua zifuatazo ndizo ninazozifuata mwenyewe kabla ya kutoa fedha.

Hatua ya 1: Utambue mtindo

Hatua hii isiharakishwe, kwa sababu umbo la mnyama hueleza umri wake kuliko maneno ya muuzaji. Katika karne ya 19, wachongaji wa Paris waliomfuata Antoine-Louis Barye (1795–1875) walimwonyesha mnyama kwa undani wote, yaani manyoya, misuli iliyokaza na makucha yaliyozama katika mwili wa windo. Barye alikuwa akienda kuwachora wanyama katika bustani ya Jardin des Plantes na kuichunguza mizoga yao, na ukiitazama kazi ya namna yake unaweza karibu kuhesabu mbavu. Baadaye Rembrandt Bugatti, Mwitaliano aliyefariki mwaka 1916 akiwa bado kijana, aliwafinyanga wanyama wa bustani ya Antwerp, Ubelgiji, kwa mkono mwepesi unaoacha alama za vidole. Mabadiliko makubwa yalionekana mwaka 1922, wakati François Pompon, aliyewahi kuwa msaidizi wa mchongaji maarufu Rodin, alipoonyesha mjini Paris dubu mweupe asiye na unyoya hata mmoja, akiwa amebakiza umbo na mwendo tu. Pompon alikuwa na umri wa miaka 67. Miaka mitatu baadaye, jiji hilohilo lilifanya maonyesho makubwa ya sanaa za mapambo, ambayo ndiyo yaliyokuja kuupa mtindo wa Arti Deko jina.

Kwa hiyo, mbele ya sanamu ya Arti Deko, tafuta mstari mmoja unaotoka puani na kuishia mkiani bila kukatika, ngozi laini isiyo na nywele, na kitako cha marumaru au oniksi (jiwe la mapambo lenye mistari) kilichokatwa kwa pembe kali, mara nyingine kwa ngazi. Swala wa mtindo huu huruka huku miguu imekunjwa kwa namna ambayo sijapata kuiona Ruaha. Nilikuwa nikilihesabu jambo hilo kuwa kosa la mchongaji, lakini sasa nalihesabu kuwa alama, kwa kuwa mafundi hao walitafuta mdundo wa mistari kabla ya ukweli wa porini.

Hatua ya 2: Ijue metali

Beba sumaku, lenzi ya kukuzia, tochi na msumari mdogo. Sumaku ikinasa, sanamu ni ya chuma, na mara nyingi hapo ninaishia. Isiponasa, inaweza kuwa bronzi, ambayo ni mchanganyiko wa shaba na bati, au inaweza kuwa zinki iliyopakwa rangi ili ifanane na bronzi. Zinki ilitumika sana kwa sanamu za bei nafuu, na si aibu kuwa nayo, ila ni aibu kuilipia bei ya bronzi.

Igeuze sanamu na umwombe muuzaji ruhusa ya kukwaruza kidogo sana sehemu ya ndani, pasipoonekana. Bronzi itaonyesha rangi ya manjano inayoelekea dhahabu, ilhali zinki itaonyesha kijivu cheupe. Kisha igonge kwa kucha huku ukiwa umeishika kwa ncha za vidole, kwa maana bronzi hulia na mlio wake hudumu, lakini zinki hutoa sauti iliyokufa. Tazama pia miguu na masikio, kwa kuwa zinki ni dhaifu na huvunjika hapo. Ukikuta mguu uliovunjika usimpelekee fundi wa kuchomelea, kwani zinki huyeyuka kwenye nyuzijoto 419 hivi na utarudishiwa bonge. Gundi imara inatosha.

Hatua ya 3: Soma saini na kitako

Saini ya asili huwa na kingo zilizo wazi chini ya lenzi. Saini iliyofifia kama sabuni iliyotumika hudokeza kwamba sanamu imetolewa kwenye kalibu, yaani umbo la kumiminia metali, iliyochukuliwa juu ya sanamu nyingine. Skrubu mpya zinazong'aa chini ya kitako cha kale zinahitaji maelezo.

Hatua ya 4: Uheshimu sheria

Sanamu nyingine za kipindi hicho zina sehemu za meno ya tembo. Ziache, hata ukipewa bure. Vilevile usiguse kitu kilichochimbuliwa ardhini, kwani Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inavilinda vitu vya kale vya nchi hii.

Hatua ya 5: Safisha kwa hofu

Nilipompata chui wangu wa kwanza, nilimsugua kwa ndimu na majivu, kama mama zetu walivyosugua vyombo vya shaba. Baada ya robo saa rangi yote ya hudhurungi ilikuwa imeondoka, na chini yake palikuwa na zinki yenye mabaka, kwa kuwa asidi ya ndimu huila. Utando wa rangi juu ya metali ni sehemu ya kazi yenyewe, na mnunuzi anayejua huulipia. Tumia brashi laini kuondoa vumbi, kisha kitambaa cha pamba chenye unyevu kidogo, na ukaushe papo hapo. Bronzi iliyo safi na kavu ipakwe nta ya nyuki iliyolainishwa kwa tapentaini, kisha ing'arishwe kwa kitambaa kikavu. Huku kwetu, hasa kwenye ukungu wa Mufindi na Njombe, weka sanamu mbali na ukuta wenye unyevu na mbali na moshi wa jiko la mkaa. Ukiona unga wa kijani hafifu unaorudi kila ukifutwa, itenge sanamu hiyo na nyingine, kwa kuwa metali inaendelea kuliwa.

Hatua ya 6: Fungua daftari

Andika ulikonunua, bei, uzito, na vipimo hadi milimita. Vipimo ndivyo vitakavyokusaidia zaidi. Metali hunywea inapopoa, hivyo nakala iliyotolewa juu ya sanamu nyingine huwa fupi kwa takriban asilimia 1 hadi 2, na tofauti hiyo ambayo jicho haliioni sokoni huonekana mara moja unapolinganisha na urefu wa sanamu ya asili ulioandikwa kwenye katalogi za makumbusho.