Gari la porini likichemsha kwenye joto: jua kwanza linachemsha wakati gani

Gari likianza kuchemsha wengi tunakimbilia kununua vifaa kwa kubahatisha. Leo themostati (vali inayofungulia maji ya injini yaende kupozwa yakipata moto), kesho pampu ya maji, keshokutwa rejeta mpya (kipozeo cha maji hayo kilicho mbele ya injini), na mshale wa joto bado unapanda. Nimepita huko. Nilibadilisha themostati na pampu, kumbe tatizo lilikuwa tope kavu lililoganda kati ya kondensa ya kiyoyozi na rejeta, mahali ambapo huoni hata ukifungua boneti. Ndiyo maana naanza somo hili na swali kabla ya spana.

Hatua ya 1: Linachemsha wakati gani?

Likichemsha ukiwa mchangani, kwenye matope au unapanda mlima kwa gia nzito, kisha mshale ukashuka ukifika barabara nzuri, shida ni upepo. Kwenye mwendo mdogo gari halipati hewa ya mbele, linategemea feni peke yake. Angalia feni, klachi yake (kiungo kinachoifanya feni ishike na kuvuta kwa nguvu ikipata moto), kava lake na uchafu kwenye rejeta.

Likiwa linatulia kwenye mwendo mdogo lakini linachemsha ukikimbia barabara kuu, upepo upo wa kutosha, ila maji hayazunguki inavyotakiwa. Hapo shuku rejeta iliyoziba kwa ndani, themostati isiyofunguka yote, au mpira wa chini wa rejeta unaonywea pampu inapovuta kwa nguvu.

Likichemsha dakika chache tu baada ya kuwashwa, hata asubuhi kukiwa na ubaridi, acha habari za joto la hali ya hewa. Maji yamepungua, kuna hewa ndani ya mfumo, pampu au themostati imekufa kabisa, au gasketi ya silinda hedi (kizibo kilicho kati ya kichwa cha injini na bloku yake) imeungua.

Hatua ya 2: Uko porini na mshale umepanda

Zima kiyoyozi. Fungua madirisha, washa hita mpaka mwisho na feni yake kwa kasi ya juu. Hita ni rejeta ndogo inayopitiwa na maji yaleyale ya injini, kwa hiyo utatoka jasho lakini injini itapumua. Simama, geuza pua ya gari ielekee upepo unakotokea, weka nyutro, inua boneti na shikilia injini kwenye mizunguko kama 1500 kwa dakika. Ukizima ghafla pampu inasimama, na joto lililo kwenye silinda hedi linabaki palepale.

Lakini zima mara moja ukiona mvuke, maji yanamwagika, mkanda umekatika au mshale umeshagonga mwisho. Hapo kila dakika inayopita unaua injini.

Baada ya kuzima, usiguse mfuniko wa rejeta. Mfuniko huo unashikilia presha, kwa magari mengi karibu bar 0.9 hadi 1.1, na presha hiyo ndiyo inayofanya maji yaliyochanganywa na kulanti (dawa ya maji ya rejeta) yapite nyuzi 120 bila kuchemka. Ukiufungua presha inaondoka, yote yanachemka kwa mpigo na kukurukia usoni. Subiri mpaka uweze kuubana mpira wa juu wa rejeta kwa mkono bila kuungua na uusikie umelegea. Mara nyingi ni nusu saa au zaidi. Kisha ongeza maji kidogo kidogo. Maji baridi mengi kwa pamoja kwenye chuma cha moto yanaweza kupasua silinda hedi, na kumwagia injini maji kwa nje nako ni hatari ileile.

Hatua ya 3: Safisha rejeta kweli kweli

Hapa ndipo magari mengi ya porini yanapopona, na ndipo watu wanapofanya haraka. Mbele ya rejeta kuna kondensa, wakati mwingine na kipozeo cha oili ya giaboksi na cha hewa ya tabo. Vyote vimebanana. Mbegu za nyasi, wadudu na tope huingia katikati na kukaa humo kama godoro. Ukitazama kwa mbele unaona kondensa safi na kuridhika.

Usiku au gizani weka tochi nyuma ya rejeta na utazame kutoka mbele. Sehemu ambayo mwanga haupiti, upepo pia haupiti. Fungua boliti za juu za rejeta, uiegemeze kidogo upande wa injini ili upate nafasi, kisha mwaga maji kutoka upande wa injini kwenda mbele, kinyume na uchafu ulivyoingia. Tumia mpira wa kawaida wa maji. Mashine ya presha ikisogezwa karibu inalaza mapezi ya rejeta (vibati vyembamba vinavyopitisha hewa), na ukishayalaza umeziba njia ya hewa wewe mwenyewe. Tope gumu liloweshe, liache lilainike, rudia. Mimi mara ya kwanza nilirudia mara nne ndipo maji yakatoka meupe.

Kama unapita kwenye nyasi ndefu, funga wavu mwepesi mbele ya grili na uupanguse kila unaposimama. Taa kubwa na winchi kwenye bampa navyo vinakula upepo wa rejeta, kwa hiyo vihamishe kama vimekaa katikati kabisa.

Hatua ya 4: Feni na kava lake

Feni ya klachi ya mafuta ipime injini ikiwa ya moto na imezimwa, ufunguo umeutoa. Isukume kwa mkono uliovaa glavu. Ikikupa ubishi, ni nzima. Ikizunguka raundi kadhaa peke yake, mafuta ya ndani yamekwisha. Feni ya umeme angalia fyuzi, relei, na kama inazunguka upande sahihi, maana baada ya matengenezo nyaya hugeuzwa. Kava la plastiki linaloizunguka feni watu hulivua likipasuka na kulisahau. Lirudishe. Bila hilo feni inazungusha hewa ileile ya moto badala ya kuvuta mpya kupitia rejeta.

Hatua ya 5: Maji, mfuniko na hewa

Kulanti nusu, maji yaliyochujwa chumvi nusu. Kuzidisha kulanti hakuongezi ubaridi, kwa sababu maji hubeba joto vizuri kuliko kulanti yenyewe. Ila maji matupu yanaleta kutu na yanachemka mapema. Usichanganye aina mbili za kulanti bila kujua kama zinapatana, nyingine hugeuka ute na kuziba.

Mfuniko mbovu huangusha presha, na ni kifaa cha bei ndogo kuliko vyote hapa. Ukishajaza, inua pua ya gari, washa hita, acha injini ifikie joto lake na mapovu yaishe.

Hatua ya 6: Uendeshaji

Mchangani punguza upepo wa tairi. Tairi gumu linachimba, na injini inalipa kwa joto. Tumia gia nzito mapema. Gari la automatiki likisukuma kwa nguvu kwenye mwendo mdogo, oili ya giaboksi inapata moto sana, na mara nyingi hupozwa ndani ya rejeta hiyohiyo ya injini.

---

Maswali ya wanachama

Swali: Asante kwa somo mkuu. Fundi wangu kaniambia nitoe themostati kabisa kwa sababu ya joto. Nifanye?

Jibu: Hapana ndugu yangu. Injini nyingi zina njia ya mkato inayorudisha maji kwenye injini, na themostati ikifunguka ndiyo inayoifunga. Ukiitoa, sehemu ya maji inazunguka bila kupita kwenye rejeta. Unaweza kuchemsha zaidi, na siku za baridi injini haifiki joto lake. Ukiishuku, itumbukize kwenye sufuria ya maji na kipimajoto. Iliyoandikwa 82 ianze kufunguka karibu nyuzi 82.

Swali: Mshale wangu unakaa katikati muda wote, halafu ghafla unaruka juu. Nina dakika chache tu za kujiokoa.

Jibu: Geji nyingi za kiwandani zimetengenezwa hivyo makusudi. Mshale hauchezi wala hausogei ndani ya nyuzi nyingi za katikati, ukiuona unaondoka umeshachelewa. Funga geji ya pembeni inayoonyesha namba, pamoja na king'ora cha maji kupungua. Kabla ya kutumia pesa kwenye rejeta kubwa, anza na hii.

Swali: Niinue boneti kwa nyuma kwa kuweka vipande chini ya bawaba zake ili joto litoke?

Jibu: Kwenye mwendo wa polepole inasaidia kidogo. Ukikimbia, hewa inajikusanya chini ya kioo cha mbele na kurudi ndani kupitia uwazi huo, ikizuia ile inayotoka kwenye rejeta. Mimi siipendi.

Swali: Kaka, nitajuaje kama gasketi imeshaungua?

Jibu: Maji yanapungua bila kuvuja, mapovu yasiyoisha kwenye rejeta, moshi mweupe wenye harufu tamu, oili iliyogeuka rangi ya maziwa, au mpira wa juu unakuwa mgumu mara tu baada ya kuwasha asubuhi. Ukiona mawili kati ya hayo usiendelee na safari. Kuna kipimo cha kimiminika kinachowekwa juu ya mdomo wa rejeta, na kikikutana na hewa ya moshi kinabadilika rangi. Mwambie fundi akitumie kabla hajafungua silinda hedi.

Swali: Langu lilianza kuchemsha baada ya kuvuka mto. Kabla ya hapo lilikuwa zima kabisa.

Jibu: Tazama mapanga ya feni leo hii. Yakiingia kwenye maji mengi yanajikunja kuelekea mbele na kugusa rejeta. Tafuta alama ya duara nyuma ya rejeta. Angalia pia mkanda kama unateleza kwa tope, na urudi hatua ya 3. Mara nyingine vuka polepole, na kama feni ni ya umeme, izime kabla ya kuingia majini.