Kioo Kinachong'aa Gizani: Kuufunga Unga Kati ya Vioo Viwili

Naandika haya baada ya kumsaidia kijana ambaye kisahani chake cha kioo kilitoka tanurini kikiwa kimeachana katikati kama chapati mbili, unga wote wa kung'aa gizani ukamwagika mezani.

Hatua ya 1. Tafuta unga unaong'aa gizani wa strontiamu aluminati wenye yuropiamu na disprosiamu (metali zinazoufanya ung'ae kwa muda mrefu), wa mwanga wa kijani. Ule wa zamani wa salfidi ya zinki siupendekezi kwa mtu yeyote: huzimika upesi, ilhali huu, uliobuniwa Japani miaka ya 1990, bado huonekana alfajiri.

Hatua ya 2. Kata vipande viwili vya kioo cha dirisha cha milimita 3 kutoka katika shiti moja, uvioshe na kuvikausha.

Hatua ya 3. Hapa ndipo nilipopoteza siku mbili. Unga huu hauyeyuki katika joto la tanuri letu. Punje hubaki punje, na kazi ya kioo ni kuzifunika tu. Ukimwaga tabaka nene, vioo havigusani, na ndicho kilichompata kijana yule. Kwa hiyo saga mabaki ya shiti lileile (vaa barakoa, maana vumbi la kioo huharibu mapafu), kisha changanya sehemu moja ya unga na sehemu nne za kioo kilichosagwa. Nyunyiza kwa chujio juu ya kipande kimoja, mchanganyiko ukiwa mkavu, kwani unga usiopakwa kinga kiwandani huharibiwa na maji. Acha ukingo mtupu wa sentimita moja pande zote ili vioo vishikane na kuizuia hewa, ambayo katika joto kali huibadili yuropiamu na kuua mwanga. Kisha funika kwa kipande cha pili. Pia sipendi kuukoroga unga katika kioo kilichoyeyuka kabisa, chenye joto kali zaidi ya tanuri letu: humo punje huliwa na kioo chenyewe.

Hatua ya 4. Paka rafu ya tanuri kaolini (udongo mweupe) ili kioo kisigande, kisha weka kisahani. Pandisha nyuzi 150 kwa saa hadi 680, subiri dakika 40 ili hewa itoke, kisha nenda 820 kwa dakika 10 tu. Shusha hadi 550, kaa saa nzima, halafu uache tanuri lipoe lenyewe bila kufunguliwa.

Hatua ya 5. Anika kisahani juani dakika kumi, uingie chumba chenye giza na kusubiri macho yazoee. Ukiona ukingo umefifia na katikati kunang'aa, hewa ilipenya pembeni. Safari ijayo panua ukingo.