Jinsi ya kuomba kibali cha kurusha ndege ya mfano ya rimoti Dar es Salaam

Ndege uliyoiunda sebuleni kwa foamu na gundi, hata isipofika kilo moja, kwa macho ya serikali ni chombo cha anga kisicho na rubani ndani yake. Iko kapu moja na ndege nyuki za kupigia picha za harusi. Msimamizi ni Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, TCAA, kwa kanuni zake za vyombo hivyo, na Wizara ya Ulinzi na JKT nayo inapaswa kuridhia. Ukisema unarusha kwa kujifurahisha tu, bado utaulizwa kibali.

Wengi huunda ndege kwanza, halafu ndiyo waanze kuhangaikia pa kuirushia. Mimi nakushauri uanze na uwanja, maana Dar ndiko ombi linakokwama.

Chukua ramani. Uwanja wa Julius Nyerere uko Kipawa, na njia yake kubwa ya kurukia, yenye urefu wa mita 4,600, inaelekea kaskazini-mashariki. Ndege za abiria zinapita chini kabisa juu ya Vingunguti na Buguruni. Huko usiombe. Usiombe pia karibu na Ikulu, bandari au kambi ya jeshi kama Lugalo. Ufukwe wa Coco unavutia, lakini Jumapili umejaa watoto, na propela ya inchi 10 inakata kidole. Kinachobaki ni pembezoni: Kigamboni kuelekea Kimbiji, au Mabwepande na Bunju. Tafuta shamba la mtu lisilo na nguzo za umeme, upate barua ya mwenyewe yenye saini na namba ya simu.

Barua hiyo ipeleke Serikali ya Mtaa ili upewe barua ya utambulisho. Nenda na ndege mkononi. Ukishamwamkia mwenyekiti, mpe ashike bawa, aone uzito wake. Mzee aliyeishika mwenyewe atawaeleza majirani vizuri kuliko karatasi yoyote. Nakala nyingine ipeleke kituo cha polisi cha eneo hilo, kwa sababu raia akiona kitu kinazunguka angani, huko ndiko atakakopiga simu.

Sasa koodineti za shamba. Bonyeza na kushikilia mahali shamba lilipo kwenye ramani ya simu, utapata namba mbili. Ya kwanza lazima iwe na alama ya kutoa mbele yake, kwa kuwa Dar iko kusini ya ikweta. Ukiisahau, shamba lako la Kigamboni litaangukia Ethiopia, na ombi litarudi. Andika pia eneo kwa maneno: kata, mtaa, na umbali wa nyumba ya karibu kwa mita.

Muda nao una mtego. Ukiandika "saa 1 hadi saa 3" unamaanisha asubuhi yetu, ila watu wa anga husoma saa 24. Andika 07:00–09:00, kisha kwa maneno: saa moja hadi saa tatu asubuhi. Mimi naupenda muda huo kwa sababu upepo bado haujaamka. Kuanzia Juni hadi Agosti kusi inavuma kwa nguvu, hivyo mgeni wa mchezo huu asiombe tarehe za miezi hiyo. Masika, Machi hadi Mei, yatakulia siku zako za kibali bila ndege kutoka ndani.

Sehemu inayowashinda wengi ni maelezo ya ndege yenyewe. Anayenunua ndege nyuki dukani ana jina la mtengenezaji, modeli na namba ya kiwandani. Wewe uliyekata foamu kwa kisu huna. Ombi langu la kwanza lilirudishwa kwa sababu niliandika "ndege ndogo ya kujitengenezea" nikaishia hapo. Afisa hakuwa na chochote cha kukipima, na alikuwa na haki ya kukataa.

Tangu hapo kila ndege naipa namba yangu, naiandika ubavuni kwa wino usiofutika pamoja na simu yangu, na naitengenezea karatasi yake moja. Inasomeka hivi: mtengenezaji, mwombaji mwenyewe. Upana wa mabawa, mita 1.2. Uzito wa kuruka, betri ikiwa ndani, gramu 950. Pima kwa mzani wa jikoni, usikisie. Mota ya umeme, betri ya lithiamu ya seli tatu, volti 11.1. Rimoti ya masafa ya gigahezi 2.4. Haina kamera. Sentensi hiyo fupi ya mwisho ina uzito mkubwa kwa watu wa ulinzi, kwa hiyo iandike pale tu inapokuwa kweli.

Ongeza mahali kilipo kitovu cha uzito, kwa kawaida kati ya robo na theluthi ya kina cha bawa, yaani ukipima kutoka ukingo wa mbele kwenda wa nyuma. Msomaji wako ni mtu wa anga. Akiona hilo anajua anaongea na mwenzake. Eleza pia kitakachotokea rimoti ikipoteza mawasiliano: mota inazima yenyewe. Lijaribu kwanza nyumbani, propela ikiwa imetolewa, kwa kuizima rimoti huku mota inazunguka. Ambatisha picha za mbele, ubavuni na juu, pamoja na risiti za vifaa.

Kama rimoti unaiagiza nje, ulizia kwanza TCRA, yaani Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, na TCAA kabla hujalipa. Mzigo ukishakwama forodha, gharama za kuhifadhi zinaanza kuhesabiwa.

Fomu na ada za sasa zichukue TCAA wenyewe, pale Banana, Ukonga. Beba namba ya NIDA, barua zote na karatasi ya ndege, nakala tatu tatu. Kimo, mimi huomba kisichozidi futi 400, yaani mita 120 hivi. Juu ya hapo ndege ya mita 1.2 huioni vizuri, na usichokiona huwezi kukiongoza. Lipa kwa namba ya kumbukumbu ya malipo utakayopewa, si mkononi mwa mtu. Omba mapema, maana barua ya ulinzi ina safari yake.

Kibali kikitoka, kisome neno kwa neno. Tarehe, eneo na kimo kilichoandikwa humo ndivyo unavyofuata, hata kama uliomba tofauti. Nakala iliyogongwa muhuri ikae kwenye mfuko wa nailoni ndani ya boksi la betri, na kila unaporuka andika daftarini saa, dakika za hewani na hitilafu. Daftari hilo liambatishe unapoomba upya.