Namna ya kusoma Ulysses bila kuitupa: mfuate Bloom na lile swali la "kwenu wapi?"

Wengi wanaianza Ulysses, riwaya ya Mwairishi James Joyce, ukurasa wa kwanza, wakifika wa 30 washaitupa, mi mwenyewe niliitupa mara mbili. Siku hizi vijana wakiniuliza pale barazani Ngamiani, hapa Tanga, nawaambia anza sura ya 4, na huna haja ya kununua, ipo bure mtandaoni unaidaunlodi kwenye simu.

Hapo utamkuta Leopold Bloom, Dublin, asubuhi ya 16 Juni 1904, anaenda buchani kununua figo la nguruwe. Baba yake alikuwa Myahudi wa Hungaria, jina Virag akalibadili, Bloom mwenyewe kabatizwa na nguruwe anamla, lakini mji mzima bado unamhesabu Myahudi. Palepale buchani anachukua kikaratasi cha kampuni inayotangaza mashamba Palestina. Kiwekee alama hicho kikaratasi.

Sura ya 2 ipitie haraka, kuna mzee Deasy, mwalimu mkuu wa shule, anasema Ireland haijawahi kuwatesa Wayahudi kwa sababu haikuwahi kuwaruhusu waingie, na anacheka.

Sura ya 12 sasa, hapa tulia, soma hata kwa sauti maana ni maneno ya baa. Wanywaji wanamuuliza Bloom taifa ni nini, anajibu ni watu walewale wanaoishi mahali palepale, wanamcheka, anaongeza: au pia mahali tofauti. Wanamuuliza, wewe taifa lako lipi? Anajibu, Ireland, nimezaliwa hapa. Mtu wa Tanga hahitaji profesa amweleze hili, tunao watu kibao wamezaliwa Ngamiani, babu kashuka na jahazi toka Hadhramaut, bibi Mdigo, na bado wanaulizwa "haya, lakini kwenu hasa wapi?" Bloom anaishia kutupiwa kopo la biskuti.

Joyce mwenyewe hakuwa Myahudi, kalelewa Mkatoliki. Aliondoka Ireland 1904, akaishi miaka mingi Trieste, mji wa bandari wenye Wataliano, Waslavi, Wagiriki na Wayahudi, akifundisha Kiingereza, na mmoja wa wanafunzi wake ni Ettore Schmitz, Myahudi wa kuzaliwa, yule mwandishi wa riwaya aliyeandika kwa jina la Italo Svevo. Nyumbani kwa Joyce watoto wanaongea Kitaliano. Kuna wanaosema Bloom ni raia wa dunia tu, Uyahudi ni pambo, mi sikubali, mbona lile kopo karushiwa yeye na si mwingine?

Malizia sura ya 17, usiku, Bloom karudi nyumbani, anakikunja kile kikaratasi cha Palestina, anakiwasha kwa mshumaa na kukitumia kuwashia ubani. Soma hapo mara mbili, halafu ndo urudi ukurasa wa kwanza.