Kabla hujanunua kinara cha fedha cha Kimarekani

Vinara vyangu vya kwanza nilivinunua kwa kuuamini mkono. Vilikuwa viwili, vya matawi matatu matatu, kwenye nyumba moja hapa Massachusetts ambako familia ilikuwa ikiuza vitu vya bibi yao aliyefariki. Nilikinyanyua kimoja, kikanivuta bega, nikajisemea kimoyomoyo: hapa kuna fedha! Miaka miwili baadaye kimoja kilivunjika shingo, nikakipeleka kwa sonara naye akakipasua mbele yangu. Kinara cha zaidi ya kilo moja kilitoa gramu 150 hivi za fedha. Kilichobaki kilikuwa saruji, lami na fimbo ya chuma.

Kwa hiyo anza na hili kabla hata hujatoka nyumbani. Vinara vingi vya Marekani vya karne ya 20 ni ganda jembamba la fedha lililojazwa kitu kizito, ili kinara kisipinduke na mishumaa ikiwaka. Kiwanda hakikufichi, kwani chini ya kitako kimeandika WEIGHTED (kimeongezwa uzito), REINFORCED (kimeimarishwa) au CEMENT (saruji). Wizi huanza pale muuzaji anapokiweka kinara kizima kwenye mizani na kukupigia hesabu ya fedha kwa kila gramu. Kinara kilichojazwa kinunue kwa sura yake, kwa bei ya ganda. Ambacho hakikujazwa, ukikipindua unaona uwazi wa ndani ukipanda hadi juu, na hicho ndicho cha kupima. Gharama yake ni kubwa, lakini mimi siku hizi heri kimoja cha namna hiyo kuliko jozi nne za saruji.

Jifunze pia kusoma mihuri. Uingereza chombo cha fedha hupimwa kwenye ofisi maalumu kabla ya kugongwa muhuri. Marekani haina mfumo huo, kiwanda hujigongea chenyewe. Kinachomlinda mnunuzi ni sheria ya 1906 iliyopiga marufuku muhuri wa uongo kwenye bidhaa zinazouzwa kati ya majimbo. Neno unalolitafuta ni STERLING, maana yake sehemu 925 za fedha safi katika kila 1000, na zinazobaki kwa kawaida ni shaba. Ukikuta COIN, hiyo ni fedha ya kama sehemu 900, kazi ya zamani ya kabla stelingi haijazoeleka nchini humo.

Gorham, kampuni ya Providence iliyoanza 1831, hutumia simba, nanga na herufi G. Kwa kuwa simba ni muhuri wa fedha ya Uingereza pia, wengi wakimwona huapa kwamba kitu kimetoka London. Kuanzia 1868 Gorham ilikuwa ikiongeza alama ya mwaka, herufi kwanza na baadaye vipicha, kwa hiyo chapisha jedwali la alama hizo ukae nalo mfukoni. Tiffany, kampuni ya New York, nao waliweka herufi ya mkuu wa kampuni wa wakati huo: T peke yake ni ya kati ya 1891 na 1902, enzi za Charles Lewis Tiffany mwenyewe.

Maneno yanayowaliza wageni ni mengine. GERMAN SILVER haina fedha hata chembe, ni shaba, nikeli na zinki. EPNS na QUADRUPLE PLATE ni vitu vya madini mengine vilivyochovywa fedha juu tu. Namba 1847 kwenye chapa ya Rogers si mwaka wa kutengenezwa, ni sehemu ya jina la biashara, na vitu vyake ni vya kuchovya. International Silver ya Meriden, Connecticut, ilitengeneza vya aina zote mbili, kwa hiyo neno Silver katika jina lake lisikutoshe. Lazima STERLING iwepo.

Kisha andaa mahali pa kukiweka. Fedha huwa nyeusi kwa sababu ya salfa, na salfa imo kwenye mpira na kwenye sufi. Usikifunge kwa raba bendi, itakuachia mstari usiofutika kirahisi. Tafuta mfuko wa kitambaa kilichotengenezwa kuzuia weusi. Kilichojazwa usikiloweke kamwe, maji hupenya kwenye viungo na kubaki ndani, na usikiweke karibu na moto ili kuyeyusha nta, maana lami nayo italainika na shingo itaegemea upande. Mimi nta huilainisha kwa kitambaa kilichochovywa maji ya uvuguvugu, naibandua kwa kidole. Na ule weusi uliolala ndani ya maua ya nakshi uache, ndio unaoyatoa maua yaonekane.

Siku ya kwenda kununua, beba lenzi, tochi ndogo na sumaku. Fedha haivutwi na sumaku, ila ijaribu kwenye matawi, kwa sababu ndani ya shina inaweza kuwemo ile fimbo ya chuma na ukakikataa kinara cha halali. Ona kama rangi ya shaba inachungulia kwenye kingo zilizosuguliwa sana, hiyo ni dalili ya kuchovya. Palipowahi kufutwa herufi za majina ya wenye nyumba, ganda la fedha huwa limekonda. Pahemee taratibu, na mara nyingi ukungu wa pumzi utakuonyesha kivuli cha herufi zilizoondolewa.

Mwisho, ng'oa matawi. Vinara vingi vimeundwa hivyo: matawi yakitoka, kitako kinabaki kinara cha mshumaa mmoja. Hapo ndipo ndoa za mkeka hufichwa, kitako cha kiwanda hiki kikavishwa matawi ya kiwanda kile. Linganisha nakshi na mihuri ya sehemu zote mbili, angalia kama tawi limekaa bila kuchezacheza, kisha uliza ufito wa kijivu uliouona kwenye kiungo ni wa nini. Mara nyingi ni madini ya risasi, fundi wa mtaani aliunga. Muuzaji asipokuruhusu kukifungua, mrudishie.